Kitenzi Kimoja, Wahusika Watatu: Kuheshimu Watakatifu na Kuabudu Miungu

Tulimzika tate huko Luhwindja mwezi wa nane, kiangazi kikiwa kimekausha majani ya milimani. Kwetu Kivu, tate ni mama mzaa baba au mzaa mama. Neno bibi tumelibakizia mke, kwa hiyo wasomaji waliozoea Kiswahili cha pwani wanisamehe nikiendelea kumwita hivyo. Siku ya tatu ya matanga tuliingia chumbani mwake ili kugawana vitu vyake vichache. Ukutani palikuwa na picha ya Bikira Maria, picha ya Mwenye heri Anuarite iliyokatwa katika kalenda ya zamani, na rozari iliyoning'inia kwenye msumari.

Shangazi yangu, ambaye kwa miaka mingi anasali katika kanisa la uamsho mjini Bukavu, alisimama mlangoni asiingie. "Hizi sanamu zitoke mu nyumba," alisema. "Mama alikuwa anaabudu watu walisha kufa." Baba mdogo, ambaye ni katekista, akamjibu kwa sauti ya chini kwamba Wakatoliki hawaabudu watakatifu, wanawaheshimu. "Anapiga magoti, anawasha mshumaa, anaomba," shangazi akasema. "Kuabudu ni nini tena?" Kukawa kimya. Kisha baba mdogo akanigeukia: "Wewe unasoma maneno kule Bukavu. Tuambie."

Sikuwa na jibu. Nilisema tu kwamba maneno hayo mawili yana maana tofauti, jambo ambalo kila mtu mle chumbani alilijua tayari. Makala hii ni jibu ambalo nilipaswa kulitoa siku ile. Si makala ya teolojia. Mimi ni mwanafunzi wa isimu ya lugha za Kiafrika, na ninachoweza kufanya ni kuangalia maneno na namna yanavyojengwa. Lakini naamini maneno yenyewe, hasa kitenzi kimoja cha Kiswahili, yanatuonyesha tofauti iko wapi, na pia yanatuonyesha kwamba shangazi na baba mdogo hawakuwa wakigombania kitu walichodhani wanakigombania.

Maneno tuliyorithi

Tuanze na kuabudu. Kitenzi hiki kimetoka katika Kiarabu, kwenye mzizi unaotupa pia ibada na abdi, yaani mtumwa. Jina Abdallah maana yake ni mtumwa wa Mungu. Kwa asili yake, basi, kuabudu ni kutumikia kama mtumwa anavyomtumikia bwana wake.

Sasa tuangalie Kigiriki cha Kanisa la kale. Wanateolojia walitofautisha huduma mbili: latria, inayomfaa Mungu peke yake, na dulia, heshima wanayopewa watakatifu. Bikira Maria aliwekewa daraja lake, hiperdulia, ambayo ni heshima ya juu kuliko ya watakatifu wengine, lakini bado ni heshima. Cha ajabu ni kwamba dulia imetoka katika neno la Kigiriki la mtumwa, ilhali latria imetoka katika neno lililohusu kazi ya ujira. Maana yake ni hii: katika Kigiriki neno la utumwa lilikwenda kwa watakatifu, na katika Kiswahili neno la utumwa lilikwenda kwa Mungu. Mtu akijaribu kutatua ugomvi wetu kwa kuchimba asili ya maneno, atatoka na majibu mawili yanayopingana. Somo la kwanza la semantiki linatosha hapa: maana ya neno hukaa katika matumizi, haikai katika kaburi la mzizi wake.

Tatizo la kukosa neno linalotosha si letu peke yetu. Augustino, askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini, aliandika katika kitabu chake *Mji wa Mungu* kwamba Kilatini hakikuwa na neno moja lenye kubeba huduma inayomfaa Mungu tu, na kwa hiyo akaazima latria kutoka Kigiriki. Miaka karibu mia nne baadaye ukosefu huo ulizaa mgogoro. Mwaka 787 Mtaguso wa Pili wa Nikea uliamua kwamba picha takatifu zipewe heshima ya kuinamiwa, lakini latria ya kweli ibaki kwa Mungu. Hati zake zilipofasiriwa kwa Kilatini, neno la Kigiriki la kuinama likaandikwa adoratio, ambalo kwa wasomaji wengi lilimaanisha kuabudu. Wataalamu wa mfalme Karolo Mkuu waliposoma tafsiri hiyo walidhani Wagiriki wameamuru picha ziabudiwe, wakaandika kitabu kizima cha kupinga, na mwaka 794 mtaguso uliokutana Frankfurt ukakataa kuabudu picha. Tafsiri mpya, iliyo bora, ilikuja katika karne ya 9. Kwa maneno mengine, sehemu kubwa ya ugomvi ule ilitokana na mfasiri aliyekuwa na neno moja mahali palipohitaji mawili.

Kiswahili nacho kina mitego yake. Sanamu ni picha, ni kinyago, na pia ni mungu wa uongo. Mtu anayesema "sanamu ya Maria" na anayesema "kuabudu sanamu" wanatumia nomino moja, na msikilizaji huunganisha kabla hajafikiri. Mtakatifu, kutoka takata, yaani kuwa safi, husemwa juu ya Mungu na juu ya Antoni wa Padua bila tofauti yoyote ya umbo. Hata kile kiunganishi kidogo -a kina mtego: "Misa ya Mtakatifu Yosefu" haimaanishi Misa inayotolewa kwa Yosefu, kama vile Misa ya tate, ambayo familia yetu itaiomba mwaka ukitimia, haitatolewa kwa tate. Lakini sarufi haimzuii mtu kusikia hivyo.

Magoti hayatoshi kuamua

Shangazi alitaja ishara tatu: magoti, mshumaa na ombi. Mbili za kwanza haziwezi kutuamulia. Katika Bushi watu huinama mbele ya mwami, na binti aliyelelewa vizuri hupiga goti anapompa mzee maji. Hakuna anayedhani kwamba mzee huyo ni mungu. Mashi, lugha yetu, inazitenga hali hizi kwa vitenzi: okukenga ni kumheshimu mtu, baba, mama au mwami, okuharamya, kwa jinsi tunavyolitumia kanisani, ni kwa Mungu. Mwili mmoja unapiga magoti yaleyale kwa vitenzi viwili. Ishara ya nje ni kama mofimu yenye maana zaidi ya moja; inahitaji sentensi nzima ili ieleweke.

Ishara ya tatu, ombi, ndiyo yenye uzito. Na hapa ndipo Kiswahili kinapotusaidia kuliko lugha nyingi.

Sikiliza litania ya watakatifu inavyosaliwa. Kwa Bwana na kwa Kristu, watu hujibu: *utuhurumie*. Mara majina ya watakatifu yanapoanza, jibu linabadilika: *utuombee*. Linabaki hivyo kwa orodha nzima, toka Maria hadi mtakatifu wa mwisho. Watoto wa Luhwindja wanajua kubadilisha jibu hilo kabla hawajajua kusoma.

Tuligawe neno hilo: u-tu-omb-e-e. *U-* ni wewe, mtakatifu. *-Tu-* ni sisi. *-Omb-* ni mzizi. Irabu *-e-* inayofuata ni kinyambuo cha kutendea, na *-e* ya mwisho ni ya dhamira tegemezi, yaani ya ombi. Jambo lote liko katika ile *-e-* ya kwanza.

Kitenzi omba, bila kinyambuo, kina mwombaji, mwombwa na kitu kinachoombwa: "Ninamwomba Mungu mvua." Mwombwa yuko ndani ya kitenzi, katika nafasi ya yambwa. Tukiongeza kinyambuo, nafasi zinahama: "Maria anatuombea mvua kwa Mungu." Sasa sisi tunaofaidika ndio tumechukua nafasi ya yambwa, na mwombwa amesukumwa nje, baada ya *kwa*. Anaweza hata asitajwe, lakini hawezi kukosekana, kwa kuwa hakuna kuombea pasipo anayeombwa. Kila mtu anaposema "utuombee" kuna wahusika watatu: sisi, mtakatifu, na Yule ambaye mtakatifu anamwendea. Mashi, kama ndugu zake wa Kibantu, ina kinyambuo hichohicho: okugula ni kununua, okugulira ni kumnunulia mtu.

Mwalimu wa sarufi atanishika hapa: hurumia nayo ina kinyambuo cha kutendea. Ni kweli kwa umbo. Lakini hesabu wahusika: mwenye huruma na mwenye kuhurumiwa, basi. Hakuna wa tatu. "Utuhurumie" inaishia kwa anayeambiwa. "Utuombee" inapita kwake na kuendelea.

Ushahidi mwingine uko katika nomino. Kiswahili kina maombi na kina maombezi. Maombi ni yale tunayoyaomba. Maombezi yanatokana na ombea, na ile *z* ni alama ya *l* ya zamani ya kinyambuo, iliyopotea katika kitenzi na kurudi katika nomino, kama inavyorudi katika mtetezi kutoka tetea na mlezi kutoka lea. Ndiyo maana Kanisa husema muujiza umepatikana "kwa maombezi ya" mtu fulani. Muujiza haukufanywa naye. Ulifanywa na Mungu, yeye akiwa ameuombea.

Linganisha pia sala mbili ambazo kila Mkatoliki huzijua. Katika Baba Yetu maombi ni mengi na yote ni ya moja kwa moja: chakula, msamaha, kuokolewa. Katika Salamu Maria kuna sifa, kisha ombi moja tu: atuombee.

Mfalme aliyegeuka mungu

Niliporudi Bukavu nilimkuta mdogo wangu akicheza Skyrim kwenye kompyuta aliyoazima kwa rafiki yake. Ni mchezo wa mwaka 2011, wenye nchi ya kubuniwa na miungu yake tisa. Mmoja wa hao tisa, Talos, alikuwa binadamu: mfalme mkuu aliyeunganisha dola, kisha baada ya kufa akahesabiwa mungu. Katika hadithi ya mchezo, mkataba wa amani umepiga marufuku ibada yake, na watu wanauawa kwa ajili hiyo. Mdogo wangu aliniuliza: "Yaya, huyu Talos si ni mtakatifu wao?"

Nilimwomba aende kwenye madhabahu yake. Mchezaji akigusa madhabahu ya mungu yeyote katika mchezo ule, baraka inamshukia papo hapo, na kila mungu ana baraka yake mwenyewe. Talos hutoa ya kwake. Hamwombei mtu kwa yeyote aliye juu yake. Hakuna mahali katika ibada hiyo ambapo "utuombee" ingeweza kutamkwa na kueleweka. Kwa hiyo nilimjibu kwamba hapana, Talos si mtakatifu. Ni mtu aliyegeuka mungu. Kuwa binadamu aliyekufa hakumfanyi mtu kuwa mtakatifu. Kinachotofautisha ni kama kinachoombwa kinaishia kwake.

Augustino alilitumia pambano hilohilo. Aliwalinganisha Waroma, waliomfanya Romulus, mwanzilishi wa mji wao, kuwa mungu na kumjengea hekalu, na Wakristo waliowaheshimu mashahidi wao. Hoja yake ilikuwa rahisi: mashahidi hawajengewi mahekalu kama miungu wala hawatolewi sadaka, juu ya makaburi yao sadaka hutolewa kwa Mungu. Hicho ndicho kipimo cha pili, kando ya kitenzi: sadaka inakwenda kwa nani?

Nyamuzinda na Lyangombe

Hakuna haja ya kwenda Roma wala kwenye kompyuta kupata mfano. Babu zetu wa Bushi walimjua Nyamuzinda, ambaye leo kanisani tunamwita pia Nnamahanga, muumba aliye juu ya vyote. Hakuwa na hekalu wala makuhani wake. Jina lake lilikuwa vinywani mwa watu, lakini katika shida za kila siku, ugonjwa, utasa, mifugo kufa, watu waliwaendea wengine: bazimu, yaani roho za wafu wa ukoo, na Lyangombe.

Masimulizi ya Lyangombe yanajulikana katika nchi nyingi za Maziwa Makuu, toka Rwanda hadi kwetu. Alikuwa mtu, tena mwindaji mashuhuri, na aliuawa na nyati akiwa mawindoni. Baada ya kifo chake watu waliingizwa katika chama chake kwa ibada ya kubandwa, wakapewa undugu mpya baina yao, na wakamtolea vitu ili awalinde. Wamisionari walipofika mwanzoni mwa karne ya 20 walimweka upande wa shetani, na wakati huohuo wakatuletea Antoni, Tereza na Yosefu.

Mtu anaweza kuuliza kwa haki: je, hawakuondoa mfu mmoja na kuleta wengine? Nimeliwaza sana swali hili, kwani ndilo shangazi analiuliza kwa maneno yake. Kwa vipimo vyetu viwili jibu linapatikana. Lyangombe alipokea matoleo yeye mwenyewe, na ulinzi ulitoka kwake. Katika kubandwa, roho yake ilimshika mtu, na aliyebandwa alinena na kutenda kama yeye. Ombi lilifika kwake na kukaa kwake. Sisemi kwamba kila Mushi wa zamani alimsahau Nyamuzinda alipomwita Lyangombe. Pengine wengi walijua kwamba nguvu zote mwisho wake ni kwa Nyamuzinda. Ila ibada yenyewe haikuwa na *-e-* yake. Haikulazimisha mtu amtaje, au hata amfikirie, yule wa tatu.

Kanisa, kwa upande wake, huweka mipaka kwa utaratibu mrefu. Anuarite, mtawa aliyeuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964, alitangazwa Mwenye heri na Papa Yohane Paulo II mjini Kinshasa tarehe 15 Agosti 1985. Karibu na kwetu, mapadre wawili na bruda mmoja wa shirika la Wasaveri, Carrara, Didonè na Faccin, pamoja na padre Albert Joubert, waliuawa Baraka na Fizi tarehe 28 Novemba 1964, na walitangazwa wenye heri mjini Uvira tarehe 18 Agosti 2024. Floribert Bwana Chui, kijana wa Goma aliyekataa rushwa ili chakula kibovu kisiingizwe sokoni na kuuawa mwaka 2007, alitangazwa mjini Roma tarehe 15 Juni 2025. Mwenye heri huruhusiwa kuheshimiwa mahali fulani. Mtakatifu huheshimiwa na Kanisa zima. Miungu haipimwi hivyo. Hakuna kamati inayochunguza maisha ya mungu na kuruhusu aheshimiwe katika jimbo moja kwanza. Ngazi hizo zenyewe zinasema: tunazungumza juu ya watu.

Pale sarufi inapovuja

Ningekuwa mwongo nikiishia hapo. Tate wangu alipopoteza mbuzi hakusema, "Mtakatifu Antoni, uniombee kwa Mungu nimpate mbuzi wangu." Alisema, kwa Mashi na kwa haraka, jambo ambalo kwa Kiswahili lingekuwa: Antoni, nirudishie mbuzi wangu. Mbuzi akionekana, shukrani zilikwenda kwa Antoni. Zipo pia sala za zamani kwa Maria, zilizokubaliwa na Kanisa, zinazomwomba ulinzi moja kwa moja.

Katekista atasema ni ufupisho: sentensi kamili ni "ninamwomba Antoni aniombee kwa Mungu", na wasemaji huacha kile kinachojulikana, kama wafanyavyo kila siku. Ni kweli kwamba lugha hufanya hivyo. Lakini kinachoachwa mara nyingi mwishowe husahaulika. Kinyambuo kisipotamkwa, Antoni anabaki katika nafasi ya mwombwa, nafasi ileile ya Mungu, na anayesikia kutoka mlangoni hana njia ya kujua kuna wa tatu. Tate alijua. Shangazi, mtoto wake, hakusikia. Nadhani sehemu ya ugomvi wetu wa matanga ilizaliwa hapo, katika irabu moja iliyomezwa kwa miaka arobaini.

Kinachobishaniwa kweli

Jioni ya mwisho kabla sijarudi mjini nilimkuta shangazi jikoni akisonga bugali. Nilimuuliza: "Shangazi, ukiwa na shida, unamwambia mchungaji wako akuombee?"

"Kila juma."

"Unamwabudu?"

Alicheka. "Mchungaji iko muzima, papa. Mama anaita watu walisha kufa. Mufu hasikie."

Nilikaa na jibu hilo njia nzima ya kurudi Bukavu. Shangazi hana shida na "uniombee". Anaitumia kila juma, ikiwa na *-e-* yake na wahusika wake watatu. Anajua vizuri kwamba kumwomba mtu akuombee si kumfanya mungu. Anachokataa ni kwamba mtu huyo anaweza kuwa amekufa. Ubishi wao, basi, si juu ya kuabudu. Ni juu ya kifo: je, kinakata usemi kati yetu na waliotangulia?

Kwa swali hilo isimu haina jibu, lakini inasaidia kujua ni swali lipi linaloulizwa. Na kwa Mushi si swali jipya. Vincent Mulago, padre na mwanateolojia mzaliwa wa Bushi, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1965, alieleza kwamba kwa Washi, Wanyarwanda na Warundi, walio hai na waliokufa wa ukoo wanashiriki uhai mmoja, na akaliona jambo hilo kuwa mlango wa kuelewa umoja wa Kanisa. Miaka 23 baadaye, mwaka 1988, Roma iliidhinisha Misale kwa majimbo ya Zaire, ambayo mwanzoni mwa Misa huwaita watakatifu na pia wahenga wetu wenye moyo mnyofu, ili wawe pamoja nasi katika kumsifu Mungu. Angalia kwa makini: wahenga hawatolewi kitu. Wanaitwa kusimama pamoja nasi, wakielekea upande uleule tunaoelekea.

Ubishi huohuo uko pwani pia, na kwa maneno yanayofanana. Kule Lamu, Waislamu wengi huenda ziara kwenye kaburi la Habib Saleh, mwanzilishi wa msikiti wa Riyadha, na kumwomba Mungu kwa njia ya walii huyo. Waislamu wengine hupinga na kuita jambo hilo shirki. Wanaokwenda hujibu kwamba walii ni rafiki wa Mungu, si mshirika wake. Ukibadilisha majina, uko katika chumba cha tate.

Kwa hiyo, kama ningeulizwa tena leo, ningesema hivi. Tusiangalie magoti wala mishumaa. Tuulize maswali mawili: ombi linaishia kwa nani, na sadaka inatolewa kwa nani? Kama vyote viwili vinaishia kwa huyo anayeitwa, anaabudiwa, hata kama zamani alikuwa mfalme au mwindaji. Kama anaombwa aombe, na sadaka inampita, anaheshimiwa. Na tukishakubaliana hapo, tuachane na neno kuabudu, kwa sababu limeshamaliza kazi yake, tukazungumze juu ya wafu.

Nilimpigia shangazi simu nikamsomea sehemu hii ya mwisho. Alisikiliza bila kunikatiza. Kisha akasema kwamba bado mufu hasikie, lakini kama ndivyo, basi mama yake hakufa mwabudu sanamu, na hilo atawaambia wale wa kanisani kwake waliokuwa wakimuuliza. Picha ya Anuarite sasa iko kwa baba mdogo. Rozari aliichukua shangazi mwenyewe, siku ya kuondoka, akaiweka ndani ya mkoba wake bila kusema kitu, na hakuna aliyemuuliza.